Ekuru Hukazwa Gari Likiwa Chini

Leo naanza na mlio.

Ukikaa barazani hapa kwetu Tunda, nchini Kongo, jua linapotua, gari utalisikia kabla hujaliona. Kwanza inakuja sauti ya injini, ile dizeli nzito inayopanda kilima polepole. Kisha gari likiingia penye mashimo, chini yake kunagonga: ko, ko-ko, ko. Watoto wetu wameuzoea mlio huo hata wanauiga kwa midomo wanaposukuma vigari vyao vya mianzi. Kwao gari ndivyo linavyosema. Nami kila nikiwasikia roho inaniuma, maana gari zima halisemi hivyo. Hicho ni chuma kinachogonga chuma mahali ambapo katikati palipaswa kuwa na mpira.

Mpira huo ndio mazungumzo yetu ya leo. Huku kwetu tunauita silambloki, neno la Kifaransa tulilolizungusha mdomoni mpaka likawa letu. Ukivuka ziwa ukafika Kigoma watakuambia bushi. Ni kitu kidogo, kinaenea katika kiganja cha mtoto, na bei yake ukiilinganisha na bei ya tairi si kitu. Lakini gari zima linakalia hapo.

Gari ninalolisemea mnalijua wote, hata wasiolijua jina wanalijua sura: Land Cruiser ya zamani, ile yenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana, HZJ75. Toyota ilianza kuunda ukoo huu wa 70 mwaka 1984, na injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, ikaingia mwaka 1990. Mpaka mwaka 1999 magari hayo yalikuwa na risori, yaani springi, za bapa mbele na nyuma. Baada ya hapo za mbele zikawa za kuzunguka kama nyoka aliyejikunja, lakini nyuma zimebaki zile zile za bapa. Kwa hiyo hata mwenye gari la juzi, nikisema habari za nyuma, asikilize.

Risori za bapa ni vyuma virefu vilivyolaliana kama mikeka dukani, kirefu juu, vifupi chini. Kile kirefu kimekunjwa ncha zake zote mbili zikawa duara, na duara hilo mafundi wanaliita jicho. Jicho moja limefungwa kwenye shasi kwa pini. Jicho la pili limening'inizwa kwa vibamba viwili vinavyosimama pamoja, tunavyoviita jimeli. Kwa Kifaransa neno hilo maana yake ni pacha, na ukivitazama utaona kwa nini. Gurudumu likipanda jiwe, risori inanyooka, na ikinyooka inarefuka. Ingekuwa imefungwa kwa nguvu pande zote mbili ingekatika. Jimeli inapembea, inaipa nafasi, kisha inairudisha.

Sasa kila penye kuzunguka pana mpira: kwenye jicho la pini, kwenye jicho la jimeli, na pale jimeli inaposhika shasi. Mahali patatu kwa kila risori. Na kila mahali pana vipande viwili, mfano wa vikofia viwili vinavyovishwa kutoka kushoto na kutoka kulia mpaka vikutane katikati. Hesabu mwenyewe: vipande 6 kwa risori moja, risori ziko 4, gari zima vipande 24.

Nimeeleza hayo yote kwa sababu nataka kusema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tunaisingizia barabara.

Barabara yetu ina makosa mengi, na mimi ni wa kwanza kuyalalamikia. Kutoka hapa kwenda Kibombo mnajua hali: udongo mwekundu unaokatika ukawa mifereji, madaraja ya magogo, matope ambayo mwezi wa kumi na moja yanameza gurudumu mpaka kitovu. Silambloki haiwezi kuishi hapa kama inavyoishi kwenye lami. Hilo nakubali. Lakini silambloki mpya inayokufa kabla mvua za msimu mmoja hazijaisha, hiyo haikuuawa na barabara peke yake. Iliuawa siku ile ile ilipofungwa.

Nimejuaje? Miaka michache nyuma nilipeleka gari kwenye garaji moja mjini Kindu. Vijana walikuwa na bidii, sina neno juu ya bidii yao. Walilinyanyua gari juu ya magogo, magurudumu yakaning'inia hewani, wakatoa mipira yote ya zamani, wakatia mipya, na gari likiwa bado juu wakakaza kila ekuru, yaani nati, kwa kle, yaani spana, iliyoongezewa bomba refu, wawili wakivuta. Ndipo wakalishusha. Nikalipa, nikaondoka nimefurahi. Nilirudi Tunda bila mlio hata mmoja.

Mvua hazijaisha, ko, ko-ko, ko.

Safari hii sikurudi Kindu. Nilifungua mwenyewe, nyumbani, chini ya mwembe. Nikatoa vipande nikavipanga juu ya gunia, nikavitazama kwa muda mrefu. Vyote vya risori za nyuma vilikuwa vimepasuka. Na vyote, msikilizaji, vilikuwa vimepasukia upande mmoja. Mpasuko ulianzia kwenye mdomo wa kikofia ukaingia ndani kwa mshazari, kila kipande kama ndugu yake. Barabara haipasui hivyo. Barabara inapiga huku na huku. Kitu kinachopasukia upande mmoja kimevutwa upande mmoja, mchana na usiku, hata gari lilipokuwa limeegeshwa.

Kama uko nyumbani na kuna shambrera kuukuu, ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, fanya jambo hili pamoja nami. Kata ukanda mfupi wa mpira, ushike ncha moja kwa mkono wa kushoto na nyingine kwa mkono wa kulia. Usokote kidogo kwenda mbele, urudishe, usokote kidogo kwenda nyuma. Mpira hauhangaiki, unaweza kufanya hivyo siku nzima. Sasa usokote mbele mpaka uanze kukaza, na hapo ulipokaza ndipo pawe mwanzo wako. Kutoka hapo endelea kusokota mbele. Unauona unavyogeuka mweupe kwenye mikunjo? Hapo ndipo utakapokatika.

Ndivyo silambloki inavyofanya kazi. Haitelezi juu ya pini, ikiteleza imekwisha. Pini inashika mpira kwa ndani, jicho linaushika kwa nje, vibamba vya jimeli vinaubana kwa pembeni, na mzunguko wote unafanyika ndani ya mwili wa mpira wenyewe, kwa kusokotwa na kurudi. Ndiyo maana haidai grisi. Sasa gari likiwa hewani, risori inaning'inia, imejipinda kuliko inavyojipinda siku yoyote ya kazi, na jimeli imelala upande. Ukikaza ekuru hapo, umeuambia mpira: hapa ndipo kwenu, hapa ndipo pa kupumzikia. Kisha unashusha tani mbili na zaidi. Risori inanyooka, jimeli inapembea kuja mahali pake pa kila siku, na mpira ambao haujatembea hata hatua moja tayari umesokotwa. Shimo la kwanza linausokota zaidi. Unalala usiku umesokotwa, unaamka umesokotwa. Nani angevumilia?

Kwa hiyo neno langu la leo ni hilo moja. Ekuru za risori hukazwa gari likiwa chini, juu ya magurudumu yake, limebeba uzito wake. Mengine yote nitakayosema ni namna ya kufika hapo.

Wengi wananiambia: kazi hiyo inataka garaji, inataka shimo, inataka mashine ya kushindilia. Yako magari ambayo ni kweli. Silambloki zenye mkebe wa chuma nje na ndani, zile za gari ndogo, huingizwa kwa nguvu za mashine, na mwenye gari hilo simshauri apambane nalo kwa nyundo. Land Rover za zamani za misheni nazo zina mkebe unaoganda ndani ya shasi mpaka unatoa machozi. Lakini hizi za Land Cruiser ya risori za bapa, ambazo ni vikofia vya mpira mtupu, mkono wa mtu unatosha. Na shimo la nini? Gari lenyewe liko juu. Mtu mzima analala chali chini yake akafika kila ekuru.

Chagua kiangazi. Mwezi wa sita mpaka wa nane ardhi imekauka, gogo halididimii, na ukiangusha kipande cha chuma unakiona. Mimi hufanya mwezi wa saba, risori moja kwa siku, siku nne. Sifungui mbili kwa pamoja hata kama moyo una haraka, maana ekseli iliyofunguliwa pande zote mbili inaweza kutembea yenyewe.

Kabla ya kufungua, hakikisha. Chuchumaa utazame kila jicho. Ukiona unga mwekundu umekusanyika chini yake kama pilipili iliyosagwa, chuma kinakula chuma. Ukiona mpira umechungulia nje kama ulimi, umekwisha. Ingiza mtaimbo kati ya jicho na shasi ubonyeze: jicho likicheza sana, ujue mpira umekwisha. Na kwa risori za mbele, mwambie mtu aingie ndani, injini imezimwa, azungushe usukani kushoto na kulia polepole, wewe ukiwa pembeni unatazama. Jicho la risori likisogea kwanza kabla gurudumu halijageuka, basi ndiyo sababu gari lako linatangatanga njiani na wewe kila siku unamlaumu aliyekufungia rotule, vile viungo vya usukani.

Jirani yangu mmoja, kijana mwenye pikipiki, alikuja kunisaidia mwaka ule wa kwanza nilipoifanya kazi hii mwenyewe. Alipoona naanza kukusanya magogo akaniambia, "Yaya, kriki iko. Magogo ya nini tena?"

Nikamwambia, "Mdogo wangu, kriki ni ya kunyanyua. Haiko ya kukaa chini yake."

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ni jambo la roho ya mtu. Kriki ya mafuta inavuja bila kutoa taarifa. Kriki ya meno inateleza. Usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na kriki peke yake, achilia mbali kichwa. Tafuta magogo mafupi ya mti mgumu, yaliyokatwa pande zote sawa ili yasibiringike, uyapange chini ya shasi yenyewe, huku na huku, na chini yake uweke ubao mpana. Zuia magurudumu yanayobaki ardhini, mbele na nyuma. Kisha usukume gari kwa bega, kwa nguvu. Likitikisika juu ya magogo, panga upya. Na watoto wawe mbali, kwa maana wao hupenda kuingia kule tunakoingia sisi.

Usiku wa kuamkia kazi nilikuwa nimezilowesha ekuru kwa dizeli. Asubuhi zilikubali, isipokuwa mbili. Kijana akataka kuleta makaa tuzichome. Nilikataa, na nakukataza wewe pia. Moto ukigusa risori unaondoa ule ugumu ambao kiwandani waliutia kwa makusudi. Utafurahi ekuru imetoka, kisha mwezi ujao chuma kikuu kitalegea au kukatika njiani. Na moshi wa mpira unaoungua si wa kuvuta. Tulirudia dizeli, tukagonga kidogo kidogo pembeni ya ekuru, tukanywa chai, tukarudi. Ilipofika saa tano zilikubali nazo.

Sasa inakuja sehemu ambayo naipenda. Pini haitaki kutoka, unaigonga, inajibu kwa mlio mfupi wa hasira. Wengi hapo huongeza nyundo. Usiongeze nyundo. Pini imebanwa kwa sababu risori bado inasukuma au inavuta. Shasi yako imekaa juu ya magogo. Weka kriki chini ya ekseli, uinyanyue kwa kiasi cha unene wa kidole, ujaribu pini. Bado? Ishushe nusu ya hapo. Unatafuta mahali pamoja tu, pale ambapo risori haisukumi na haivuti, inakaa tu. Ukipafikia, pini iliyokuwa ikipigwa nyundo inatoka kwa vidole viwili. Kijana alipoishika ikamfuata mkononi kama msumari unaotoka kwenye tope, alicheka kwa mshangao. Mimi nikaona furaha ile ile niliyoiona mara ya kwanza.

Mipira ya zamani itoe kwa bisibisi. Kisha usafishe jicho, na hapa usiwe na haraka. Brashi ya waya, halafu msasa, halafu kitambaa kikavu. Ingiza kidole uzungushe ndani: panapaswa kuwa duara laini. Kidole kikishuka kwenye bonde, maana yake pini imekula jicho, na jicho lililokuwa duara limekuwa yai. Hapo hakuna silambloki itakayokaa. Utatafuta chuma kikuu kipya, au risori nzima ya gari lililokufa. Huo ndio mzigo wa kuendesha na mlio kwa miaka miwili ukisema litavumilia. Mpira unakwisha, jicho linakwisha, ekseli inahama kidogo, gari linaanza kutembea mshazari kama mbwa, na tairi ulizozinunua kwa pesa ya mchele wa msimu mzima zinalika upande mmoja. Yote kwa ajili ya kipande kinachoenea kiganjani.

Kulainisha, tumia maji ya sabuni. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, iliyokorogwa ikawa nzito. Nawaona watu wengine wanapaka mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, wengine mawese kwa kuwa yako tele nyumbani. Mafuta huuvimbisha mpira wa asili na kuulainisha, na utaanza kumomonyoka kama muhogo uliolowekwa. Vivyo hivyo wale wanaomwagia mafuta silambloki inayolia ili inyamaze: inanyamaza wiki moja, halafu inakufa. Sabuni huteleza leo na kesho imekauka, mpira unabaki umeshika.

Na vipande vyenyewe, tunavipata wapi? Mnajua njia zetu. Ama vinatoka Lubumbashi kwa treni ya SNCC, kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo mpaka Kibombo na Kindu. Kipande cha reli cha Kongolo na Kindu kilianza kufanya kazi mwaka 1911, na siku hizi treni inakuja inapokuja. Ama vimeshushwa Dar es Salaam au Mombasa, vikapanda mpaka vikafika Kindu. Kitu kilichosafiri hivyo usikinunue bila kukitazama. Kibonyeze kwa ukucha: mpira mzuri unakubali kisha unarudi, alama inapotea. Ukibaki na alama, au ukiwa mgumu kama kwato, umekaa sana dukani au haukuwa mzuri tangu mwanzo. Ukunje kidogo utazame kama kuna nyufa ndogo ndogo. Zipo pia zile za rangi, nyekundu au buluu, za yurethani. Wanazisifu kwa ugumu. Kwa barabara ya mchanga na matope mimi bado nachagua mpira mweusi wa asili, kwa sababu yurethani huzunguka juu ya pini kwa kuteleza, inadai grisi, na changarawe ikiingia humo inasaga chuma.

Treni isipokuja, tunao mafundi wanaochonga silambloki kutoka kwenye tairi kuukuu la lori. Siwadharau, walinifikisha nyumbani zaidi ya mara moja. Kama ni lazima, mwambie fundi aache kipande kirefu kidogo kupita jicho, ili vibamba vya jimeli vipate cha kubana, na tundu la pini litobolewe katikati kabisa. Lakini tairi lina nyuzi ndani, nyuzi zinachakaa, na kipande hicho ni cha miezi michache. Usikisahau humo.

Nikishika kipande kipya mkononi huwa nakumbuka mpira ulitugharimu nini nchi hii. Tangu John Dunlop alipotoa tairi lake la upepo mwaka 1888, Ulaya iliona kiu ya mpira, na kiu hiyo ikaja kutulizwa katika misitu ya Dola Huru ya Kongo, milki ya mfalme Leopold wa Wabelgiji, toka 1885 mpaka 1908. Watu walilazimishwa kukata mitambaa ya porini na kukinga utomvu wake, na aliyepungukiwa na kipimo alilipa kwa mwili wake au kwa mke aliyefungwa. Na haikuishia hapo. Mwaka 1942, Japani ilipoiteka Malaya na mpira wa Asia ukakatika, Wabelgiji waliwarudisha watu msituni kwa nguvu kutafuta mpira ule ule kwa ajili ya vita vyao. Wapo wazee waliosimuliwa na baba zao. Leo mpira unalimwa zaidi Asia, unapikwa na salfa huko, unaturudia ndani ya kasha dogo la karatasi. Mimi siwezi kuutia kizembe. Naona ni kukosa heshima.

Basi, turudi chini ya gari. Vikofia vimeingia, vimekutana katikati, midomo yao imetokeza sawa huku na huku. Pini inaingia, kibamba cha jimeli kinavishwa, ekuru inazungushwa kwa mkono mpaka inapogusa, halafu kidogo tu kwa kle ili isidondoke. Acha hapo. Mkono utakuomba umalizie. Kazi imekwenda vizuri, kle iko mkononi, jua linashuka. Acha.

Rudisha gurudumu. Toa magogo. Shusha gari taratibu mpaka likanyage chini. Simama juu ya bampa urukeruke, mara kumi, kumi na tano. Mwite na mwenzako. Washa, nenda mbele hatua chache, rudi nyuma, simama penye usawa. Kama ni gari ambalo kila siku hubeba, lipakie mzigo wake wa kawaida. La hospitali yetu, kwa mfano, haliendi tupu kamwe: lina kitanda, lina vifaa, lina ndugu wa mgonjwa na mikungu yao ya ndizi. Hapo ndipo silambloki iambiwe kwao ni wapi. Lala chali, ingia chini, ukaze sasa, kwa nguvu zako zote. Utaona mpira unavyotoka taratibu pembeni ya kibamba, unajaa, unatulia. Baada ya safari ya siku mbili tatu, rudia kukaza, kwa sababu mpira ukishakaa hulegea kidogo.

Nimetaja gari la hospitali, na sikulitaja kwa mfano tu. Mama mwenye uchungu wa uzazi aliyelazwa nyuma, akitolewa kijijini upande wa mto Lomami, kila ko-ko ya chuma inapanda moja kwa moja kwenye shasi, kwenye benchi, kwenye mgongo wake. Nilimbeba mmoja, usiku, na gari langu likiwa katika hali ile ya mlio. Hakulalamika. Kila tulipoingia shimoni alikuwa anashika nguzo ya kiti changu kwa nyuma, nami nilikuwa nausikia mkono wake unavyokaza. Alifika salama, na mtoto yuko, anakimbia. Lakini mkono ule ulinifundisha kulala chini ya gari.

Mwaka ule wa kwanza tulimaliza siku ya nne, karibu na magharibi. Nililitoa gari peke yangu mpaka kwenye daraja la magogo lililo chini ya kilima, nikafungua vioo vyote nisikilize. Magogo yalilia yenyewe, kama yanavyolia mtu akipita kwa miguu. Injini nayo iliendelea na maneno yake. Chini yangu, kimya. Nikageuza, nikapita tena.

Niliporudi, mtoto wa jirani alikuwa amesimama kando ya njia na kigari chake cha mianzi. Alinifuata mpaka uani, akangoja nizime injini, akauliza, "Papa, gari yako inanyamaza juu ya nini?"

Nikamwambia angoje nifunge breki ya mkono na kuweka magogo nyuma ya magurudumu. Kisha tukalala wote wawili chali juu ya gunia, kwenye udongo ambao ulikuwa bado una joto la mchana, nikamwonyesha jimeli. Alinyoosha kidole akaugusa mpira pembeni ya kibamba, akaubonyeza, akauachia, akaubonyeza tena.